Spliti Siyo Muujiza, Dada!

Wiki hii yale ya mapenzi tuyaweke kando. Tuongelee ile mashine nyeupe ya ukutani ambayo kila mwenye biashara mjini anaiota: kiyoyozi, aina ile mafundi wanayoiita spliti.

Hata Tarime kwa Wakurya wanaitaka! Utasema, Tarime hiyo hiyo ya baridi? Ndiyo. Mji uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku blanketi ni lazima. Lakini ingia saa nane mchana kwenye fremu ya bati isiyo na dari, draya mbili zinanguruma, wateja wamebanana. Tanuri! Nenda Mugumu au Nyamongo, hadithi ni ile ile.

Mahoteli makubwa hupitisha ubaridi kwenye mifereji mipana ya bati juu ya dari. Wewe wa fremu ya kupanga utaipitishia wapi? Spliti imemaliza kesi hiyo. Kipande kimoja ndani, kingine nje, katikati vibomba viwili vya shaba kupitia tundu dogo la ukutani. Gesi inazunguka humo, inabeba joto la ndani na kulimwaga nje.

Sasa hapa ndipo watu wanapoingizwa mjini. Dada mmoja mwenye saluni pale Tarime aliniambia kwa furaha:

"Kaka, nikiifunga tu, harufu ya dawa za nywele kwisha!"

"Nani kakwambia, dada?"

"Fundi."

Jamani! Spliti ya kawaida haivuti hewa mpya kutoka nje. Inapoza ile ile iliyomo ndani. Dawa, jasho na pumzi za watu vinabaki humo, tena vimefungiwa, maana ubaridi unataka madirisha yafungwe. Na yule anayechemsha maji ya kuoshea nywele kwa jiko la mkaa humo ndani? Mkaa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Hapo hatuongelei tena raha, tunaongelea roho za watu.

Halafu kuna LUKU. Spliti ya BTU 12,000 ikikazana inakula karibu kilowati moja. Saa nane kwa siku ni karibu uniti nane. Kama umezoea kutumia uniti 75 kwa mwezi, siku kumi hazifiki, kwisha habari yako! Feni inakula wati 50 hadi 75 tu.

Nilimwambia dada aanze na dari, kwa sababu bati ndilo linalomchoma. Alininunia kidogo, kisha akauliza bei ya mbao.

Na wewe unayeitaka bado, sawa, siyo dhambi. Piga dari kwanza. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kutoboa ukuta wake. Chagua ya invata, inapunguza kasi chumba kikishapoa. Weka kifaa cha kuilinda umeme unapopanda na kushuka. Osha chujio mara kwa mara. Jiko la mkaa litoke nje, na dirisha lifunguliwe kila unapopaka dawa, hata kama ubaridi utakimbia. Ubaridi utarudi, mteja akianguka je?

Tukutane wiki ijayo.