Waacheni Wanyanyue Vyuma, Lakini Wafundishwe

Ukipita Janga jioni jua likishapoa utasikia kishindo nyuma ya nyumba. Ni vijana na vyuma vyao: bomba la maji, na kila ncha kopo la rangi lililojazwa saruji. Kwa miaka mingi sisi wauguzi tulipowaona tulitikisa kichwa. Kijana akija ameshika kiuno, tulimpa dawa na neno moja: acha. Tulikosea. Kijana haachi. Anarudi kulekule, na safari hii maumivu anayaficha.

Wazazi nao wana hofu zao. Ya kwanza ni kwamba mtoto anayebeba vyuma atadumaa. Kinachodumaza mtoto ni lishe duni na maradhi ya mara kwa mara katika miaka ya mwanzo. Mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vizuri hayafupishi mtu, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa walau siku 3 kwa wiki. Hofu ya pili ni busha. Huku Pwani busha limesingiziwa mengi, madafu yakiwa ya kwanza, na sasa vyuma. Busha letu la Pwani mara nyingi huletwa na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Ngiri ni kitu kingine: hapo utumbo hupenya mahali palipo dhaifu kwenye ukuta wa tumbo, na kujikamua sana chini ya mzigo kunaweza kuusukuma utokeze. Kijana mwenye uvimbe kinenani unaotokeza akikohoa na kurudi akilala aje aonwe kabla hajagusa chuma tena. Uvimbe ukigoma kurudi, ukauma, naye akatapika, asingoje asubuhi.

Wengi hawajui kwamba huu ni mchezo wenye sheria na waamuzi, na kwamba shirikisho lake la kimataifa liliundwa mwaka 1972. Mashindano yana minyanyuo mitatu tu: kuchuchumaa na chuma mabegani na kusimama tena, kulala chali kwenye benchi na kusukuma chuma kutoka kifuani, na kuinua chuma kutoka chini hadi kusimama wima. Kila mnyanyuo mchezaji hupewa nafasi 3, na kilo za nafasi yake bora katika kila mmoja hujumlishwa. Watu hushindana kwa uzito wa mwili, kwa hiyo mwembamba hapambanishwi na jitu. Waamuzi ni 3, na wawili wakikataa, mnyanyuo umekwenda bure. Anayechuchumaa asiposhusha nyonga chini ya usawa wa magoti hukataliwa, hata kama amebeba kilo za kutisha. Atakayekosa nafasi zote 3 katika mnyanyuo mmoja hana jumla. Ndiyo maana wenye busara huanza na uzito ambao hata siku mbaya wangeuinua mara tatu. Tunalisema hili kwa sababu vijana wetu hufanya kinyume: siku ya kwanza wanauliza, “Nani anabeba zaidi?”

Chuma kitupu cha mashindano kina kilo 20. Hiyo ni ndoo moja ya maji, akina mama! Lakini hata hiyo si ya kuanzia. Aanze na mpini wa jembe, wiki mbili nzima, mwenzake akimtazama kwa ubavuni. Katika kuinua kutoka chini, miguu iachane kwa upana wa nyonga, chuma kiwe karibu kabisa na ugoko, mgongo unyooke, kifua kisianguke. Avute pumzi, akaze tumbo kama mtu anayetarajia kupigwa ngumi, kisha aisukume ardhi kwa miguu. Kiuno kikianza kupinda kama upinde, uzito umemzidi, aushushe. Asigeuke pembeni hata kidogo akiwa na mzigo mkononi. Akichuchumaa, visigino vibaki chini na magoti yafuate uelekeo wa vidole. Hapa bibi zetu wanaochuchumaa jikoni hadi leo wangewafundisha vijana wa kukaa kwenye viti. Kwenye benchi, kidole gumba kizunguke chuma, na mtu asilale chini ya chuma peke yake. Chuma kikimwangukia shingoni hataweza hata kuita.

Siku 3 kwa wiki zinatosha, zikipishana na siku za kupumzika. Akiongeza, aongeze kilo 2 au 3, na aache akiwa bado ana nguvu ya kurudia mara mbili. Aliyeshinda kutwa akipakia magunia ya mkaa ya lumbesa kwenye lori amekwisha nyanyua. Huyo jioni alale. Chakula kiwe maharage, kunde, dagaa, mayai yakipatikana, na ugali wa kutosha. Unga wa makopo wa bei mbaya wanaotangaziwa vijana hatuoni sababu ya kuununua.

Kuna kijana alitujia akiumwa kiuno upande wa kushoto tu, na kila tulipomwona maumivu yalikuwa palepale. Tulimwomba mwenzake ayapeleke yale makopo ya saruji kwenye mizani ya korosho. Kopo moja lilizidi jingine kwa kilo 4. Miezi yote ile mgongo wake ulikuwa ukivutwa upande mmoja. Waliyavunja wakamimina mapya, wakayapima, na kijana akaanza upya na bomba tupu. Mizani ipo, na kupima makopo hakuchukui robo saa.

Tunalochukia kabisa ni sindano. Wapo wanaowauzia vijana sindano na vidonge vya homoni ili misuli ivimbe haraka. Dawa hizo hunywesha korodani, huweza kumfanya mwanamume asizae, huharibu ini na moyo. Wakichangia sindano, huambukizana UKIMWI na homa ya ini. Na diklofenaki isimezwe ili mtu apate kunyanyua. Inafunika maumivu yaliyokuwa yanamwonya, huku ikiumiza tumbo na figo.

Wenye selimundu, ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu waonane na daktari kwanza. Waliorithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambao ni wengi ukanda huu, nao wajue kwamba kujikamua kupita kiasi kwenye joto bila maji kunaweza kuivunja misuli. Mkojo ukiwa na rangi ya chai nzito, ni hospitali siku hiyohiyo.

Mabinti wasifukuzwe. Msichana anabebeshwa ndoo kichwani tangu ana miaka minane na hakuna anayesema ataharibika, lakini akishika chuma kilo hizohizo watu wanashangaa. Wala mtoto mwenye ulemavu wa miguu asiambiwe akae atazame. Wenye ulemavu wana mashindano yao ya kusukuma chuma kwenye benchi katika michezo ya Paralimpiki, na jirani yetu wa Kenya, Hellen Wawira, alipata medali ya shaba katika mchezo huo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022.

Akina baba, jioni moja wiki hii nendeni nyuma ya nyumba mkatazame. Angalieni kama benchi linatikisika, kama makopo yamepimwa, na kama yupo wa kukipokea chuma. Kijana mwenye ganzi mguuni, au maumivu yanayoteremka kutoka kiunoni hadi chini ya goti, mleteni. Na anayeshindwa kuzuia mkojo, au kupata ganzi mapajani kwa ndani, mleteni usiku huohuo.