Shahada ya Kihispania Guangzhou: Ifungwe au Ifumuliwe?

Kila Aprili na kila Oktoba, Maonyesho ya Canton yanapofunguliwa Pazhou, jijini Guangzhou, vijana husimama nje ya milango wakiwa na vibao vinavyotaja lugha wanazozijua: Kiingereza, Kirusi, Kiarabu, Kihispania. Wengi ni wanafunzi wa vyuo wanaotafuta ukalimani wa siku mbili tatu. Mnunuzi wa Bogotá au Guayaquil hupatana bei na mmoja wao, kisha wakazunguka mabandani kutwa nzima. Maonyesho hayo yalianza mwaka 1957, na wafanyabiashara wetu wa Kariakoo na Eastleigh wanayafahamu vizuri. Siku hizi mnunuzi ana simu inayotafsiri papo kwa papo. Mzazi wa Kichina ana haki ya kuuliza: mtoto akae chuoni miaka minne akisomea Kihispania ili iweje?

Swali hilo ni zito. Miaka ya karibuni vyuo kadhaa vya China vimefunga au vimesimamisha shahada za lugha za kigeni. Sehemu ya tatizo vyuo hivyo vilijitengenezea vyenyewe. Baada ya nchi hiyo kuingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, shahada za Kihispania zilichipuka katika majimbo mengi, na vyuo vichache vya awali vikawa makumi kwa makumi. Vingine vilianza na walimu wachache waliomaliza masomo juzijuzi. Shahada ya namna hiyo, inayomfundisha kijana kunyambua vitenzi na kufaulu mtihani wa taifa bila kumwonyesha kazi yoyote, naunga mkono ifungwe.

Lakini Guangzhou ina habari yake. Kati ya mwaka 1847 na 1874 wanaume wengi wa jimbo lake, Guangdong, walisafirishwa hadi Cuba na Peru kwa mikataba ya kazi iliyokaribia utumwa, wakatupwa kwenye mashamba ya miwa na visiwa vya samadi ya ndege. Vizazi vyao vipo hadi leo, na Lima nzima inakula kwenye migahawa iitwayo chifa, ambayo asili yake ni mapishi ya Kikantoni. Kwa jimbo hilo Kihispania ni lugha ya ndugu waliovuka bahari kabla hakijawa somo la darasani.

Tena mfano wa kufuata upo mjini humohumo. Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Guangdong kilizaliwa mwaka 1995 kwa kuunganisha vyuo viwili: kimoja cha lugha za kigeni, kingine cha biashara ya nje. Naiona ndoa hiyo kuwa jibu la mjadala wote. Anayesoma Kihispania hapo yuko jirani na wanaosoma forodha, bima ya mizigo na sheria za mikataba. Akichota huko, anatoka na kitu ambacho simu haina.

Tazama mapatano ya kontena moja la vigae. Mnunuzi anasema bei ni kubwa, muuzaji anatabasamu na kunyamaza. Simu itatafsiri maneno. Haitajua kwamba ukimya ule ni mlango ulioachwa wazi, kwamba mteja wa Chile anadai cheti cha asili ya bidhaa kwa sababu nchi yake ina mkataba wa biashara huru na China tangu miaka ya 2000, au kwamba mzigo wa Peru siku hizi unaweza kushushwa Chancay, bandari iliyozinduliwa Novemba 2024 na kuendeshwa na kampuni ya Kichina ya COSCO. Mambo hayo yanamtaka mtu aliyeisoma nchi pamoja na lugha yake, historia yake na jinsi watu wake wanavyokasirika.

Serikali ya China yenyewe inalijua hilo tangu zamani. Mwaka 1952 Beijing iliandaa mkutano wa amani wa Asia na Pasifiki, wajumbe wa Amerika ya Kilatini wakafika, na wakalimani wa Kihispania wakaonekana kuwa haba mno. Msukumo wa kukifundisha ukatokea hapo. Miaka michache baadaye ikawa zamu ya Kiswahili: mwaka 1961 Redio Peking ilikuwa tayari inatutangazia kwa lugha yetu. Wenzetu walianza na haja, kisha wakaunda shahada. Makosa yalikuja walipoanza kuunda shahada kwanza.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na ya Dar es Salaam ikafuata mwaka 2013. Vijana wetu wanajifunza Kichina, na hilo ni jema, lakini wafanyabiashara wengi wanaokwenda Guangzhou bado wanamtegemea wakala wa kulekule awasomee ankara na mkataba. Mzigo ukifika pungufu, wanalia peke yao. Kihispania nacho tumekiacha kando, ingawa kimewekwa pamoja na Kiswahili kwenye orodha ya lugha rasmi za Umoja wa Afrika na kinazungumzwa Guinea ya Ikweta. Mwanafunzi wa Guangzhou anahangaika wiki nzima kusukutua maji kooni ili ulimi wake uweze kutetemesha herufi r. Kijana wa Tanga au Mombasa anaitamka siku ya kwanza, na irabu tano za Kihispania ni zetu zilezile.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo vyetu wasiige kufunga wala kufungua kwa kuwa China imefanya hivyo. Waiunganishe idara ya lugha na ya biashara, na kila anayesomea Kichina, Kihispania au Kifaransa asitunukiwe shahada kabla hajafanya mafunzo ya vitendo bandarini, forodhani au kwenye kampuni inayoagiza mizigo. Na mzazi anayempeleka mtoto kusoma lugha aulize jambo moja siku ya usajili: mbali na sarufi, mtafundisha nini?