Namba Yahama, Fedha Yabaki: Mfanyabiashara wa Kibaoni na Intaneti ya Bure

Wanaofuatilia bei za nafaka wanaujua ukanda wa Mpimbwe, wilayani Mlele katika mkoa wa Katavi. Usevya, Majimoto, Mamba, Mwamapuli na Kibaoni ni majina yanayotajwa kila msimu wa mpunga, madalali wanapoanza kuhesabu magari ya kwenda Sumbawanga, Tunduma na Mbeya. Kibaoni, kijiji alikotoka Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda, kimekaa kando ya barabara ya Sumbawanga hadi Mpanda, na gari la mzigo halipiti pale bila kuonekana. Wiki hii safu hii inaiacha bei ya gunia kwa muda na kuitazama njia ambayo bei hiyo humfikia mwenye gunia. Njia hiyo siku hizi ni simu.

Mfanyabiashara wa mazao wa huko ni nadra kuwa na laini moja. Ana laini ya kupigia wateja, ana laini ya kupokelea fedha, na mara nyingi ana ya tatu ambayo ameiweka kwa sababu inampa intaneti kidogo bila kulipa. Ukimwuliza kwa nini asichague kampuni moja iliyo bora akahamia huko na namba yake, anakuangalia kama mtu uliyemwuliza kwa nini asiuze nyumba kwa sababu bati linavuja.

Haki ya kuhama anayo. Tangu tarehe 1 Machi 2017 mteja yeyote wa simu nchini anaweza kuacha kampuni moja na kwenda nyingine akiwa na namba yake ile ile, kwa utaratibu unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Anakwenda kwa wakala wa kampuni anayoitaka, anathibitishwa kwa kitambulisho, anatuma ujumbe mfupi wa kuomba kuhama na kupewa kadi mpya. Kabla ya kufanya hivyo anatakiwa amalize salio lake la vocha na atoe fedha zote zilizomo katika akaunti yake ya simu, kwa kuwa hizo haziendi naye.

Sharti hilo la mwisho linasomwa haraka, lakini kwa maoni yangu ndilo lililoua ushindani uliokusudiwa.

Katika masomo ya biashara tulifundishwa kwamba soko huria hufanya kazi pale mlaji anapoweza kuondoka bila hasara kubwa. Muuzaji akijua kwamba mteja anaweza kuvuka barabara na kununua kwa jirani, hupunguza bei au huongeza ubora. Wazee wetu wa biashara waliopanga foleni za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1994, wanajua vizuri hali inavyokuwa pale ambapo hakuna jirani wa kuvukia. Tangu Mobitel ilipoanza mwaka huo huo, majirani wameongezeka: Vodacom mwaka 2000, Celtel mwaka 2001, Halotel mwaka 2015, na TTCL yenyewe ikaingia katika simu za mkononi. Kwa hesabu ya vibao vya matangazo, ushindani upo wa kutosha.

Lakini tuangalie nini kinachomfunga mteja. Zamani ilikuwa gharama ya kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Makampuni hulipana kwa kila dakika inayovuka, na mwaka 2017, haki ya kuhama ilipoanza, malipo hayo yalikuwa Sh 26.96 kwa dakika. Ndiyo maana watu walinunua simu za laini mbili, wakawa wanasoma tarakimu za mwanzo za namba kabla ya kupiga ili wajue watumie laini ipi. TCRA iliyashusha malipo hayo hadi Sh 15.60 mwaka 2018, yakaendelea kushuka hadi Sh 2.00 mwaka 2022. Ukuta huo ulibomolewa vizuri, na wanaostahili pongezi wapewe. Hata hivyo laini hazikupungua. Mwishoni mwa mwaka 2024 zilizidi milioni 86, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, watoto wachanga wakiwemo.

Sababu ni kwamba ukuta mwingine ulikuwa umeshajengwa nyuma ya ule wa kwanza, nao ni wa fedha. Wenzetu wa Kenya walituonyesha mapema. Kenya ilianzisha kuhama na namba mwezi Aprili 2011, na waliotazamia kwamba Safaricom ingepoteza wateja kwa wingi walikosea. Mteja wa Kenya alikuwa tayari na M-Pesa tangu mwaka 2007. Kuhama kulimaanisha kuiacha pochi yake, na hakuna bei ya dakika inayoweza kumfidia mtu aliyeacha pochi.

Hapa kwetu tulisonga mbele kwa upande mmoja. Kuanzia mwaka 2014 makampuni yalianza kukubali kupokeana fedha, na Vodacom ilipojiunga mwaka 2016 Tanzania ikawa mfano barani Afrika wa mitandao inayotumiana fedha moja kwa moja. Fedha inavuka, sawa. Kinachobaki nyuma ni historia ya mwenye fedha. Mwenye duka la pembejeo pale Kibaoni amekaa miaka na kampuni moja. Kwa sababu ya mzunguko wake, kampuni inamkopesha kwa simu bila dhamana, na kila akirejesha kwa wakati kiwango chake kinapanda. Namba yake ya kulipia imebandikwa ukutani na wateja wake wameikariri. Kama ni wakala, ana floti na kamisheni yake ya mwezi. Siku anayohama anaanza kama kijana aliyesajili laini jana. Msimu wa kununua mpunga, mkopo wa siku saba wa laki mbili unaweza kuwa tofauti kati ya kupata mzigo na kuutazama ukipakiwa na mwingine.

Kwa hiyo hahami. Anachofanya ni kuongeza laini, na hapo ndipo intaneti ya bure inapoingia.

Historia yake nchini ni fupi. Mwezi Oktoba 2014 Tigo, kwa ushirikiano na Facebook, ilileta programu ya Internet.org, miezi michache baada ya Zambia kuipokea. Mwaka uliofuata ikapewa jina la Free Basics. Mteja aliweza kufungua kurasa fulani zilizoteuliwa bila kukatwa salio. Masharti ya kurasa hizo yalikuwa wazi: hakuna video, hakuna picha nzito, hakuna kupiga simu kwa intaneti. India iliukataa mpango wa aina hiyo Februari 2016, pale mamlaka yao ya mawasiliano ilipokataza makampuni kutoza bei tofauti kulingana na ukurasa anaofungua mteja. Sisi hatukuwa na mjadala mkubwa. Tulipokea, tukashukuru. Tigo yenyewe iliuzwa mwaka 2022 na tangu Novemba 2024 inaitwa Yas, kwa hiyo kuna wateja waliohamishwa jina mara tatu, Mobitel, Buzz, Tigo hadi Yas, bila wao kuinua mguu. Bure nayo imebadilisha sura mara nyingi katika mitandao yote: mara ni ujumbe wa WhatsApp ndani ya kifurushi, mara ni MB za usiku wa manane, mara ni zawadi ya kuongeza vocha.

Bure hizi zina tabia moja ya kufanana. Zinatosha kukuweka hewani, hazitoshi kukufanyia kazi.

Tupige hesabu. Intaneti inayotembea kwa kilobiti 64 kwa sekunde inaleta kilobaiti 8 kila sekunde. Ujumbe wa maandishi unafika mara moja. Picha ya sampuli ya mchele yenye kilobaiti 200 inachukua sekunde 25, kama mtandao haukatiki katikati. Video ya megabaiti 3, ile ambayo mnunuzi wa mjini huiomba ili aone mchele ukimwagwa kutoka kwenye gunia, inachukua zaidi ya dakika sita, na kwa kawaida huishia kuzunguka tu. Mtu wa Dar es Salaam atasema dakika sita si kitu. Mnunuzi mwenye magulio manne mkononi hamsubiri mtu wa dakika sita. Anamwuliza wa Ubaruku.

Kuna jambo la pili ambalo linanigusa zaidi, kwa kuwa linahusu kazi ya ukurasa huu. Wizara ya Viwanda na Biashara hutoa taarifa za bei za jumla za mazao makuu katika masoko ya mikoa. Ni taarifa nzuri na ni ya umma. Inawekwa kwenye tovuti ya Wizara kama faili la kupakua, na faili hilo ndilo hasa kitu ambacho intaneti ya bure haikifungui. Mkulima mwenye bure anaweza kusoma salamu za kundi la ukoo mchana kutwa, lakini bei ya mchele ya juzi huko Mbeya anaisikia kwa dalali. Dalali ana bando la kulipia. Simlaumu dalali, amenunua habari kama anavyonunua mafuta ya gari. Ninachosema ni kwamba yule aliyeokoa fedha ya bando anailipa tena mezani, katika kila gunia, na halipi kwa kampuni ya simu bali kwa mtu aliyesimama mbele yake na mizani. Ukiongeza na lumbesa juu yake, utaona bure hii ina bei.

Wapo watakaosema mkulima wa Kibaoni bila bure angekuwa hana chochote, na kidogo ni bora kuliko sifuri. Ni kweli kwa mtu mmoja mmoja. Mimi mwenyewe nikiwa vijijini huko nimepitisha siku nzima kwa MB za zawadi na sikuzikataa. Lakini kwa soko zima hesabu ni tofauti. Kampuni huongeza uwezo wa mnara pale inapoona mapato yatapotea isipofanya hivyo. Kama mteja hawezi kuondoka kwa sababu ya pochi, na kama laini yake ya pili imenyamazishwa kwa bure, hakuna mtu katika ofisi ya mipango atakayeona hasara yoyote ikitokea Kibaoni. Laini zote zinahesabiwa kuwa hai. Taarifa ya robo mwaka inapendeza. Malalamiko ya kasi hayana safu ya kuandikwa.

Makampuni nayo yana hoja. Mnara wa kijijini unataka umeme, ulinzi na njia ya kupeleka data, na wateja wake wanaongeza vocha kwa mia tano mia tano. Ndiyo sababu Serikali ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa sheria ya mwaka 2006, na Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 ya vijijini kwa ruzuku. Hata hivyo, hoja ya kwamba huko hakuna watu imepitwa na wakati kwa Katavi. Sensa ya mwaka 2012, mkoa ukiwa na miezi michache tu tangu umegwe kutoka Rukwa, ilihesabu watu 564,604. Ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Mkoa umeongezeka zaidi ya maradufu katika miaka kumi, na wengi wa walioongezeka wanalima na kuuza. Mfanyabiashara wa nondo akiona hesabu hiyo anafungua tawi. Sielewi kwa nini muuza data asubiri ruzuku.

Nini kifanyike? Kwanza, historia ya mkopo ya mteja ihesabiwe kuwa mali yake. Benki Kuu ya Tanzania ina utaratibu wa kumbukumbu za wakopaji kwa mabenki. Mikopo ya simu iingizwe humo kikamilifu, ili mwenye duka akihama kampuni apokelewe kwa kiwango chake na si kwa sifuri. Hili ndilo ningelipigania kuliko yote. Namba ya kulipia nayo iwe inahama kama namba ya simu inavyohama, na sioni ugumu wa kiufundi ambao wataalamu waliounganisha pochi za nchi nzima watashindwa kuumaliza.

TCRA hupima ubora wa huduma na imewahi kuyatoza faini makampuni. Vipimo hivyo vichapishwe kwa kata, kwa Kiswahili, vikionyesha kasi ya saa mbili usiku wakati kila mtu yuko hewani, na vibandikwe kwenye ofisi ya kata mahali watu wanaposomea matangazo ya mnada.

Na Wizara ya Viwanda na Biashara, wakati tukisubiri hayo, itume bei za jumla kwa ujumbe mfupi wa maandishi. Mistari mitano inatosha: mchele, mahindi, maharage, mtama, alizeti, katika masoko matatu. Ujumbe wa namna hiyo hauhitaji mnara mpya wala simu janja, unafika hata kwenye kitochi, na ukitumwa Jumatatu asubuhi utamkuta mkulima wa Mpimbwe kabla gari la kwanza la mnunuzi halijafika Kizi.