TAHARIRI: Dawa bila onyo ni uzembe

Mgonjwa wa kifua kikuu cha tezi akianza dawa hutarajia shingo inywee. Baadhi ya wagonjwa huona kinyume: baada ya wiki chache tezi huzidi kuvimba, nyingine mpya huchomoza, homa hurudi, pengine uvimbe hupasuka na kutoa usaha. Mara nyingi dawa haijashindwa. Ni kinga ya mwili inayoyashambulia kwa nguvu masalia ya bakteria, hata waliokwisha kufa. Hali hii huwapata zaidi wenye VVU walioanza ARV karibuni, ingawa wasio na VVU nao hawajasalimika.

Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, haziwezi kudai kushtukizwa. Hizi ni wilaya za wafugaji, na maziwa mabichi ni njia mojawapo ya kuambukizwa. Watafiti wetu walikwisha kukuta bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe katika tezi za wagonjwa wa Arusha ya zamani, kabla Manyara haijamegwa mwaka 2002. Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, nayo inatibu watu tangu 1955.

Tunasema bila kumung'unya maneno: kumkabidhi mtu dawa za miezi sita bila kumwonya ni uzembe. Mgonjwa wa Basotu anayeona shingo imevimba maradufu akiwa katikati ya dozi ataamini dawa imemdhuru. Ataiacha, na atakayerudi na usugu wa dawa huenda akapelekwa Hospitali ya Kibong'oto kwa tiba ngumu zaidi.

Lakini onyo lisigeuke kuwa bembelezo. Uvimbe unaweza pia kuwa dalili ya usugu, ya dozi zilizorukwa au ya ugonjwa mwingine, hivyo lazima mgonjwa apimwe. Kama chanzo ni kinga, prednisoloni husaidia: utafiti wa Cape Town uliochapishwa 2018, kwa wenye VVU ambao kinga yao ilikuwa chini mno, ulionyesha dawa za jamii hiyo zikipunguza hali hii kutoka wagonjwa 47 hadi 33 katika kila 100. Hata hivyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, si ya kununua dukani.

Waganga wakuu wa wilaya hizi wahakikishe onyo linatolewa kabla ya kidonge cha kwanza, kwa Kiiraqw na Kidatoga pale Kiswahili kisipotosha, na namba ya simu ya kituo iandikwe kwenye kadi. Mganga mfawidhi ambaye wagonjwa wake hawakuambiwa aitwe mbele ya halmashauri ajieleze.