Zana za Kukatia Miti Safarini

Mwenye motokaa atokaye Nakuru kupanda Mau Narok wakati wa masika hana budi kukumbuka mambo mawili: udongo wa huko hugeuka utelezi kwa mvua ya saa moja, na miti ya kando ya njia huanguka. Mkaratusi mrefu au msonobari uliozeeka hung'olewa na upepo usiku, ukalala barabarani kutoka ukingo huu hata ukingo ule, na mpaka kupambazuke hakuna mtu wa kuuondoa. Karani aliyetaka kuwa mezani pake Jumatatu asubuhi hukaa hapo akilitazama gogo. Ndiyo sababu wapendao kusafiri nje ya lami, ama kwenda kupiga hema Eburru, Menengai au kando ya Ziwa Baringo, huuliza mara kwa mara ni chombo gani cha kukatia kinachostahili kutiwa garini.

Wengi hukimbilia shoka, kwa kuwa shoka lina sura ya kazi. Lakini shoka ni chombo cha mtu aliyelizoea. Lahitaji nafasi ya kuinuliwa, mahali pakavu pa kusimama, na pumzi nyingi. Na msafiri amesimama matopeni, gizani, viatu vimelowa. Shoka likiteleza juu ya gome bichi halina pa kwenda ila mguuni. Kile kishoka cha mkono mmoja, ambacho madukani huvutia macho kwa wepesi wake, ndicho cha kuogopwa zaidi, maana mpini wake ni mfupi na pigo likikosa hurudi gotini. Shoka la mpini mrefu likikosa, mara nyingi huishia ardhini. Mkulima aliyepasua kuni tangu utoto na achukue shoka lake, hapana wa kumkataza. Mwingine asianzie hapo.

Kwa gogo lenye unene wa paja, msumeno wa upinde hushinda. Huu ni bapa jembamba la sentimeta 50 au 60 hivi lililonyoshwa ndani ya bomba la chuma lililopindwa. Bei yake si kubwa, ni mwepesi, na watu wawili waweza kuushika huku na huku wakasaidiana. Mabapa yake ni ya namna mbili, na muuza duka hatasema asipoulizwa. Bapa la mti mbichi lina makundi ya meno ya kukata, na kati ya kundi na kundi mna jino la kukomba unga wenye maji. Bapa la mti mkavu lina meno ya pembetatu yaliyofuatana bila jino hilo. Mti ulioanguka jana ni mbichi, kwa hiyo bapa la kwanza ndilo la kutiwa katika motokaa, na la pili liwe akiba ya kuni za kambini. Kasoro ya msumeno huu ni moja: hauwezi kukata gogo nene kuliko nafasi iliyo kati ya bapa na upinde. Ule mdogo wa kukunja, unaokata kwa kuvuta tu, wafaa matawi ya unene wa kifundo cha mkono.

Hata hivyo msumeno mzuri hushikwa ndani ya gogo ikiwa mwenyewe hakutazama mzigo umekaa wapi. Gogo lililoegemea pande zote mbili limelemewa katikati: upande wa juu hubanwa, upande wa chini huvutwa. Likikatwa kutoka juu mpaka mwisho, njia ya msumeno hujifunga na bapa hukwama kama lililo katika jiriwa. Yafaa kukata juu kiasi cha theluthi moja, kisha kumalizia kutoka chini. Gogo lililoegemea upande mmoja tu, ncha yake ikiwa hewani, hesabu yake hugeuka: huanzwa chini kwa theluthi, humaliziwa juu. Asiyeweza kukata kutoka chini apige kabari ya mti katika ile njia ili isijifunge. Wala hapana haja ya kulikata gogo zima vipande. Kulikata mara moja karibu na ukingo, kisha kulivuta kwa mnyororo uliofungwa kwenye chasisi, huokoa saa nzima. Mnyororo usifungwe kwenye bampa, na watu wote wasimame mbali, maana ukikatika hurudi kwa nguvu ya kuua.

Panga ni la vichaka, na katika vichaka halina mpinzani. Kati ya Gilgil, Elementaita na Eburru njia nyingi husongwa na leleshwa, mti mdogo wa majani ya rangi ya fedha yanukayo kama kafuri. Matawi yake ni magumu lakini membamba, na shina likikatwa huchipua tena. Wenyeji husifu makaa yake na joto la moto wake. Shoka kwa leleshwa ni kupoteza nguvu, kwa kuwa tawi huyumba na kurudi. Panga zito mbele hulikata kwa pigo la mshazari. Chini zaidi, kupita Mogotio hadi Marigat, kuna adui mwingine, mathenge. Mti huo uliletwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa, nao ukageuka jangwa la miiba. Mwaka 2006 wakazi wa huko walimpeleka mbuzi mahakamani awe ushahidi wa meno yaliyoharibiwa na maganda yake matamu. Mwiba wake hutoboa gurudumu, basi matawi yaliyokatwa yasiachwe njiani yakanyagwe. Yafagiliwe kando kwa bapa la panga, kisha njia ikaguliwe kwa miguu.

Kuna na mti usiopaswa kuguswa kabisa, yaani euforbia, ule mkubwa wenye umbo la kinara cha taa ambao una msitu wake mashariki ya Ziwa Nakuru. Hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na tone lake likiingia jichoni laweza kupofusha.

Sasa neno juu ya msumeno wa mashine, ambao watu huuita pawasoo. Hapana ubishi kwamba hufanya kwa dakika tano kazi ya saa moja. Lakini hutaka petroli iliyochanganywa na oili kwa kipimo, kofia ya chuma au plastiki ngumu, kinga ya macho na ya miguu, na mtu aliyefundishwa. Ncha ya juu ya upanga wake ikigusa tawi hurushwa nyuma kuelekea uso kabla mtu hajajua. Tena kuna sheria. Sheria ya Hifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 yamkataza mtu asiye na kibali kuingiza msumeno wa mashine au vifaa vya kukatia magogo ndani ya msitu wa umma, achilia mbali kukata. Msitu wa Eburru umezungushiwa ua wa umeme wa kilometa 43 hivi, uliokamilika mwaka 2014 kwa jitihada za shirika la Rhino Ark, lile lile linalopata fedha zake kwa mashindano ya motokaa porini yaliyoanza mwaka 1989. Mgeni afikaye kwenye lango la msitu akiwa na pawasoo nyuma ya Landrova, akasema amekuja kutazama ndege, atakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Panga nalo lina maelezo yake. Nakuru haijasahau Januari 2008, wakati panga lilipotumiwa kwa watu badala ya miti, na askari asimamishaye gari usiku ana haki ya kuuliza. Panga lililofichwa chini ya kiti cha dereva huleta shaka ambayo maneno hayaiondoi upesi. Panga lililo katika ala, limefungwa pamoja na msumeno, beleshi, jeki na kamba ndani ya sanduku moja la zana huko nyuma, hujieleza lenyewe.

Huko kambini kazi ya kwanza si kukata bali ni kutazama juu. Tangu kama mwaka 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda, na migunga ya manjano mingi ya ufukoni imekufa ikiwa imesimama. Ni kuni kavu tayari, na kwa sababu hiyo huvutia hema karibu; lakini tawi la mti mfu halitoi taarifa likianguka. Kuni huokotwa chini, mahali paruhusiwapo, na katika hifadhi za taifa huulizwa kwanza langoni. Wengi hununua mzigo wa kuni njiani, wakaacha msumeno sandukuni safari nzima. Si hasara.

Zana zikirudi zifutwe maji na kupakwa oili kidogo. Panga na shoka hunolewa kwa tupa, ikisukumwa upande mmoja tu, kisha kwa kinoo. Mpini uliolegea wasiutie majini usiku kucha kama wengi wafanyavyo: huvimba, ukikauka hulegea kuliko kwanza. Dawa yake ni kabari mpya. Makali hufunikwa kwa kipande cha tyubu kuukuu ya gurudumu.

Na yule karani wa Mau Narok, kabla ya kulikata gogo, na atazame lilikotoka. Ikiwa limeanguka kutoka mpakani mwa shamba la mtu, lina mwenyewe, na mwenyewe huyo huenda yu karibu, amesikia kishindo, anakuja na taa na wanawe. Aamkiwe kwanza. Mara nyingi ana msumeno mkubwa kuliko wa mgeni, na magogo yakishakatwa hupangwa upande wa shamba lake, wala hayapakiwi garini.