Leteni Picha za Wangechi Mutu Mukumu

Mwaka 2006 Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi aliyesoma kwa masista wa Loreto Msongari, alichukua kurasa za kitabu cha zamani cha udaktari zenye michoro ya maradhi ya kizazi. Juu yake akabandika macho na midomo iliyokatwa magazetini, akazimwagia vimetameta. Zikatoka picha 12, nyingine zikiitwa kwa majina ya magonjwa yenyewe. Pale ambapo daktari alichora kiungo kisicho na mwenyewe, sasa pana mwanamke anayekukazia macho.

Picha hizo nazitaka katika shule ya wasichana ya Mukumu.

Najua kuna watakaoguna: shule ya kanisa, watoto wa watu, halafu uwaonyeshe kizazi? Basi na tukumbushane. Mwaka 2023 wasichana wa Mukumu waliugua kwa mamia, matumbo yakiwakata, wakitapika na kuharisha. Tarehe 3 Aprili waliandamana, shule ikafungwa. Wanafunzi watatu na mwalimu mmoja walifariki. Vipimo vya serikali vikataja vijidudu vya E. coli na salmonela. Mwalimu mkuu akahamishwa, bodi ikavunjwa.

Sawa. Lakini kwa nini msichana mgonjwa alazimike kuandamana ndipo asikilizwe?

Kwa sababu tumemzoeza kunyamaza tangu utotoni, nyumbani kabla hata ya shule. Tumbo la hedhi likimuuma, vumilia. Akilia usiku bwenini, anajidekeza. Akiogopa, akaombe. Tunamfungia uchungu ndani, tunatia kufuli, kisha tunamsifu kwa adabu! Hiyo si adabu hata kidogo. Ni kifungo, na sisi wazazi ndio askari jela.

Mutu amekivunja kwa mkasi na gundi. Msichana akiziona picha zile anajua kwamba mwili wake haujaachiwa daktari, padri wala mwalimu peke yao kuusemea. Kwamba maumivu yana sura, na sura hiyo ina haki ya kutazama na kudai jibu. Somo hilo halimo kwenye fizikia. Na wanaoiita sanaa anasa ya watu wa Nairobi wananiudhi kupita kiasi, maana mtaala mpya wenyewe umeipa sanaa, pamoja na michezo, mkondo katika sekondari ya juu.

Wazazi wa Mukumu, mkiitwa kwenye mkutano wa shule, msiulize alama za hesabu tu. Ulizeni mwalimu wa sanaa yuko wapi, na wasichana wetu wanachora nini.