Nani Amekaa Mkahawani?

Nina ugomvi na kitabu ninachokipenda, na ugomvi mkubwa zaidi na namna tunavyokisifu. Kitabu ni The Rider cha Mholanzi Tim Krabbé, kilichotoka kwa Kiholanzi mwaka 1978 na kutafsiriwa kwa Kiingereza na Sam Garrett mwaka 2002. Kinasimulia mbio moja tu ya baiskeli, kilomita 137 katika milima ya Cévennes kusini mwa Ufaransa, ya waendeshaji wa ridhaa. Kila anayependa baiskeli na vitabu kwa pamoja (tupo wachache, tunajuana) atakwambia kwamba baada ya hicho hakuna kingine. Mimi mwenyewe nimekiazimisha kwa watu watatu, na wa mwisho bado hajakirudisha.

Kinachonikera kiko mwanzoni kabisa. Msimulizi anatoa vifaa kwenye gari lake, anaunganisha baiskeli, anawatupia jicho watu walioketi mikahawani, na kuyaona maisha yao matupu kwa sababu tu hawashindani. Basi, dunia imeshagawanywa: upande huu anayeendesha, upande ule anayetazama. Kila shabiki wa kitabu hiki niliyewahi kuzungumza naye anacheka kwa raha akifika hapo. Na mimi nilikuwa nacheka, mpaka nilipopanda basi kwenda kushindana Shinyanga.

Kutoka Dar ni karibu kilomita 1,000. Saa kumi na moja alfajiri niko stendi ya Mbezi na baiskeli ndani ya boksi la katoni. Konda analizunguka boksi mara mbili. "Kaka, hilo si begi. Huo ni mzigo." Nikalipa, risiti sikuona. Tulipofika Singida abiria wakashuka kununua mafuta ya alizeti, madumu kwa madumu, na kila dumu likaingia buti. Nilisimama pale nikitazama yanavyopangwa juu ya boksi langu, nikasema polepole, jamani, chini kuna baiskeli. Mama mmoja akanijibu kwamba baiskeli ni chuma, mafuta ndiyo yanamwagika. Huwezi kubishana na hilo.

Shinyanga nilifungua boksi usiku na kukuta kichuma kinachoshika gia ya nyuma kimepinda. Asubuhi nikamtafuta fundi, nikampata chini ya mti, amezungukwa na baiskeli kama ishirini hivi. Nilimwamkia "mwangaluka" kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, akaitika kwa adabu bila kunicheka. Alikinyoosha kile kichuma kwa spana na jicho. Halafu akauliza: "Umetoka nayo Dar ndani ya basi? Kwa nini hukuiendesha?"

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani.

Pembeni yangu pale kwenye mstari wa kuanzia alisimama mzee mmoja na baiskeli nzito ya chuma, ile isiyo na gia, ambayo kanda ya ziwa inabeba mkaa, magunia ya mpunga, mgonjwa, bibi harusi. Alikuwa ameondoka kijijini kwake saa tisa usiku ili awahi. Alifungua keria kwa spana, akamwachia mama muuza uji amtunzie, akarudi mstarini mwepesi kama mimi. Kwenye barabara ya kuelekea Tinde upepo ulitupiga usoni, kundi likakatika vipande, na yule mzee akanipita bila hata kuinuka kwenye siti. Viatu vyake vilikuwa kandambili alizozifunga kwa mpira wa tyubu. Sitawaambia nilimaliza wa ngapi.

Sasa niambieni, watu wa mkahawani ni nani hapo? Waliojipanga kandokando ya lami kututazama walikuwa wamefika kwa baiskeli, na baiskeli walikuwa wameziegemea. Wengine walitufuata kilomita mbili tatu na mizigo yao nyuma, wakicheka, kisha wakakata kona kwenda walikokuwa wanakwenda. Ule mstari kati ya anayeendesha na anayetazama, ambao kitabu kizima kimesimama juu yake, pale haukuwepo. Hata neno bodaboda, kabla halijawa pikipiki, lilikuwa la baiskeli zilizovusha watu mpaka wa Kenya na Uganda kule Busia. Hawa ndio tuwaite watu wasioendesha?

Mtanijibu kwamba Krabbé anafanya kejeli, kwamba anamcheka msimulizi wake mwenye majivuno. Nakubali, najua kusoma. Lakini hata kejeli inahitaji mkahawa, na wa kukaa ndani yake, na gari la kumfikisha mtu mstarini akiwa hajachoka. Yeye aliandika alichokiona, simdai kitu. Nawadai nyinyi, na mimi mwenyewe. Ninayo rasimu ya hadithi ya mbio niliyoanza kabla ya safari hii, na inaanza, mtakisia, mstarini: kijana anavaa glovu, anawaangalia watazamaji, anajiona tofauti. Watazamaji wenyewe hawana hata baiskeli moja. Nilikuwa naandika Shinyanga kwa macho ya Cévennes na nikidhani hiyo ndiyo fasihi ya baiskeli.

Na hili neno letu, ridhaa. Tumelitumia kwa michezo isiyolipa, na ni neno zuri kuliko lile la Kiingereza, kwa sababu lina swali ndani yake: nani karidhia, na kwa gharama ya nani? Ridhaa yangu ilikuwa nauli, hela ya konda na siku mbili za ruhusa kazini. Ya yule mzee ilikuwa usingizi. Mwandishi anayefungua hadithi kwenye mstari wa kuanzia amezifuta ridhaa zote mbili, halafu anatuambia kwamba pale wote ni sawa.

Mchana, zawadi zilipokwisha kugawiwa, nilikaa kwenye kibanda cha chai. Baiskeli yangu ilikuwa imeshafunguliwa magurudumu, inasubiri boksi. Yule mzee alikuwa amerudisha keria yake na kufunga juu yake ndoo mbili mpya za plastiki na mfuko wa sukari. Alipita mbele ya kibanda, akaniona nimeshika kikombe, akanipungia mkono.